Mimi Niliyeonja Kwanza

Jumapili, 27 Julai 1958

Mimi Fanueli ni mtu wa bahati, na sioni haya kusema. Nilipokuwa mpishi msaidizi melini, dhoruba ilitupiga karibu na kisiwa cha Sokotra. Mabaharia wazima walilia mama zao, mimi nikalala, na nilipoamka bahari shwari na chai iko tayari. Kule Amani, nilipokuwa nikiwapikia wataalamu wa miti, nyoka aliuma kiatu changu siku ambayo mguu haumo. Na jana hapa kilabuni kwangu, katika kambi ya mkonge, watu thelathini na mmoja walianguka wakatapika mpaka nyongo, na mimi niliyekunywa kabla yao wote nimesimama wima. Tumbo halikunguruma hata. Leo asubuhi nimekula muhogo na papa.

Sajini Miraji wa polisi amevuka mto kutoka Pangani na baiskeli yake. Akanitazama ulimi kama anayenunua ng'ombe.

"Wewe kweli ulikunywa?"

"Kata nzima, afande. Uliza kambi yote."

"Basi kumbuka vizuri kila kitu, tena andika kama unajua kuandika. Utaulizwa."

Kama najua! Nilifika darasa la nne, na la tano ningelifika kama mwalimu asingekuwa na wivu. Haya, naandika.

Mwaka huu wajumbe wa baraza la wilaya watachaguliwa na watu, hawatajwi tena na Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Na baraza ndilo linalotoa vyeti vya vilabu vya tembo la mnazi. Kwa hiyo wakubwa wote sasa wanatujua majina. Hili si jambo geni. Babu yake mke wangu alikuwa akimpelekea akida wa Mjerumani mtungi mzima kila Ijumaa ili asimnyime kugema. Mimi mwenyewe nimempelekea jumbe mitungi nisiyoweza kuihesabu. Mkubwa akikitafuta kiti anapita kilabuni, akishakikalia anasema kilabu kinanuka.

Safari hii aliyekuja ni Bwana Mselem, mwenye duka la nguo Pangani na minazi mpaka Mkwaja. Mtu wa heshima, mtu wa swala tano. Jana saa tisa mchana lori lake limefika hapa kambini na mapipa matatu ya tembo kutoka Mkwaja, zawadi kwa wakata mkonge wote. Watu wamejaa, nyimbo juu. Lakini hakuna aliyenyoosha kikombe. Abrahamu, mnyapara wa wakata mkonge, mzee wa sauti nene, akasimama.

"Bwana Mselem, ahsante sana. Lakini desturi yetu unaijua. Mwenye kutoa ndiye hutoa uchawi. Onja, nasi tunywe."

Hapa kwetu ndivyo ilivyo, iwe arusi, iwe msiba, iwe kilabuni: anayekupa pombe huinywa kwanza mbele ya macho yako. Akikataa, basi ana lake. Bwana Mselem katika kanzu nyeupe, na shekhe wa Ushongo amekaa kando yake! Uso ukamwiva. Watu wakaanza kunong'ona, na nong'ono la watu mia mbili si dogo. Akanitazama mimi. Mtu mkubwa ananitazama mimi! Nikaruka katikati.

"Jamani, mgeni wa kilabu ni mgeni wangu. Leo mdomo wa Fanueli ndio mdomo wa Bwana Mselem!"

Wakacheka. Nikachovya kata katika pipa la kwanza, nikainua mpaka kisogo kikagusa mgongo, nikafuta ndevu, nikasema, "Aaah!" Wakashangilia. Soud, mgema wangu, akachukua kata, akaanza kuwagawia. Haikufika saa moja wa kwanza akashika tumbo.

Katika fujo watu walilipiga teke pipa lile, tembo lote likaingia mchangani. Mapipa yote matatu lori likaja kuyachukua kabla jua halijatua.

Jumatatu, 28 Julai

Mvua ya mchoo, ile ya Julai. Wagonjwa ishirini wamepata nafuu. Abrahamu bado.

Jumanne, 29 Julai

Mvua. Kilabu kimefungwa kwa amri. Soud bado anapanda asubuhi na jioni, kwa sababu kole, lile shina la ua la mnazi, lisipochanjwa linakauka, na tembo analimwaga chini. Nimemwambia apumzike. Akasema, "Mnazi haujui amri."

Jumatano, 30 Julai

Abrahamu amekufa alfajiri.

Alhamisi, 31 Julai

Tumemzika. Nimechimba kaburi na wengine, mpaka malengelenge. Watu wananigusa. Mmoja ameniomba kofia yangu amwekee kaka yake mgonjwa kichwani. Nikampa. Nikacheka nao, nikawaambia hata sumu inajua nani wa kumwogopa.

Kisha Benedikta, mjane wa Abrahamu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee wangu hakutaka kunywa siku ile," akasema. "Alisema pipa halimpendezi. Halafu akasema, 'Aa, Fanueli amekunywa, twendeni.'"

Nimempelekea gunia la mchele na mbuzi wangu mmoja. Beatrisi, mke wangu, hakuuliza kwa nini nimetoa mbuzi wa maziwa.

Ijumaa, 1 Agosti

Wamemkamata Soud.

Sajini Miraji alikuja na askari wawili, Soud yuko juu ya mnazi. Wakamngoja chini. Akashuka polepole na kibuyu chake kiunoni, akaweka kotama yake, kile kisu cha kugemea, chini vizuri, akasema, "Salaam aleikum." Wakamtia pingu.

"Afande, kwa nini huyu?"

"Kwa sababu yako wewe," akasema Sajini, tena kwa wema. "Fikiri mwenyewe. Tembo likitoka kwenye lori lilikuwa zima, maana wewe ulilinywa ukapona. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Baada yako aliyeshika kata nani?"

"Soud."

"Na yeye alikunywa?"

"Yeye hanywi, afande. Ni Mpemba, mtu wa msikiti. Wagema wengi hapa hawaonji hata."

"Basi. Aliyetoa kwa mikono yake ni yeye, na hakunywa. Na nyumbani kwake tumekuta dawa ya panya."

"Dawa ya panya hata mimi ninayo! Hata wewe!"

Akafunga daftari lake. Daktari amesema ni sumu, ya namna gani hajui, amepeleka chupa ya matapishi Dar es Salaam ikapimwe. Mtu amekufa, kwa hiyo baada ya Bwana Shauri kesi itakwenda kwa jaji Tanga. Kwa jaji, Sajini anasema, kuna kamba.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani nimeimba besi kwa nguvu. Mchungaji ametoa mfano wangu katika mahubiri, jinsi Mungu anavyomkinga mja wake. Nilitazama viatu vyangu.

Jumanne, 5 Agosti

Bwana Mselem amekuja nyumbani kwangu. Kwangu! Beatrisi akatandika mkeka mpya, akapika kahawa.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, Fanueli. Mungu akuweke."

Alishika kikombe, akakirudisha bila kunywa. Ametumwa na hofu yule, si na siasa. Alizungumza kwanza habari za mvua, kisha za baraza, kisha akasema akipata kiti, cheti changu hakitaombwa tena mwaka kwa mwaka. Kitakuwa cha kudumu. Tena kilabu cha matofali na bati, mahali pa heshima, hata Wazungu wakipita watazame.

"Bwana," nikasema, "yale mapipa yalikuwa ya nini zamani?"

Akatazama mlango.

"Wallahi mimi niliambiwa yameoshwa. Niliyanunua kwa dereva, akasema ya mafuta. Mafuta, na pengine zile dawa za kuogeshea ng'ombe, za kuua kupe. Lakini yameoshwa, Fanueli. Na wewe ulikunywa. Si ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Basi pipa halina neno. Sema hilo moja tu, ulikunywa. Huo si uongo."

Alipoondoka alisahau bakora yake. Nimemkimbilia nikampa, nikajisikia mtu mdogo kuliko bakora.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepanda minazi mwenyewe badala ya Soud. Miaka hamsini kasoro miwili, na tumbo hili! Mnazi wa tatu nikashindwa kushuka, wakaniletea ngazi ya kanisani. Kambi yote imecheka. Mimi nimecheka kuliko wao. Makole matano yamekauka tayari.

Jumapili, 17 Agosti

Time, mke wa Soud, amekuja baada ya ibada. Alikaa kizingitini, hakutaka kiti. Ni mwanamke mdogo wa mwili, na macho yake hayaondoki usoni pako.

"Shemeji, nimekuja kukuuliza neno moja. Wewe ulilinywa. Lilikuwa na ladha gani?"

"Ladha? La kawaida. Tamu."

"Tamu?"

"Tamu, ehe. Tembo zuri."

Kuku wakapita.

"Shemeji, mie miaka kumi na tatu mke wa mgema. Tembo limegemwa asubuhi Mkwaja, likatiwa kwenye pipa, likakaa juani juu ya lori mpaka saa tisa. Lilikuwa tamu?"

Mtoto mchanga wa kambi hii anajua kwamba tembo ni tamu asubuhi tu, na saa tisa linakwaruza koo. Mimi nina kilabu miaka minane. Nikasema nimesahau, nikasema siku ile kelele zilikuwa nyingi, nikasema labda mvua. Mvua! Siku ile hakukuwa na mvua.

"Sawa, shemeji," akasema, akaondoka. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Jumatatu, 18 Agosti

Kusi kali. Kuti limeng'oka paani.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia Beatrisi kwamba yule Time ni mchokozi. Alikuwa akichambua mchele.

"Jumamosi ile hukukoroma," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ukinywa hata kikombe kimoja unakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Siku ile umelala kimya kama mtoto wa ubatizo."

"Nilikuwa na huzuni."

"Haya," akasema, akaendelea na mchele wake. Yule ni mwanamke wa kuolewa na hakimu. Sijui kwa nini alinikubali mimi.

Jumamosi, 23 Agosti

Mkutano wa Bwana Mselem Pangani sokoni. Ameniita jukwaani. "Huyu ndiye shahidi wa nia yangu njema!" Watu wakapiga makofi. Nikapunga mkono, nikawachekesha kidogo, kwa sababu mdomo wangu ukiona watu hauningoji. Ameahidi kwamba wagema wote watasimamiwa vizuri ili mambo kama yale yasitokee tena. Wagema! Shekhe akatikisa kichwa kukubali. Nilitafuta pa kushukia nisionekane.

Jumatatu, 25 Agosti

Wagonjwa wote wamepona isipokuwa wawili ambao nyayo zao zina ganzi. Nimewapelekea supu. Wananiombea dua.

Ijumaa, 29 Agosti

Hakuna.

Jumatano, 3 Septemba

Hakuna. Majibu ya chupa hayajatoka Dar es Salaam. Namwomba Mungu yaje, ili mimi nisitakiwe.

Jumapili, 7 Septemba

Leo nimekwenda kumwona Soud rumande Pangani. Sikutaka kwenda. Nilipeleka ndizi, tende na kanzu iliyofuliwa na Time, nikiwa nimeandaa mizaha mitatu ya kumchekesha. Sikutumia hata mmoja.

Amekonda. Mikono yake ile iliyokuwa na sugu kama gome, sugu zinabanduka kwa kutopanda. Alikuwa anazitazama.

"Fanueli, umekuja. Ahsante. Minazi?"

"Minazi mizima," nikasema. Mizima! Imebaki sita.

"Mie nimefikiri sana humu," akasema. "Mtu huku hana kazi ila kufikiri. Kwanza nilisema mimi sina kosa. Nilisema pipa. Lakini kila nikifika kwenye pipa nakukuta wewe. Wewe ulikunywa kutoka pipa lile lile, kata ile ile, ukapona. Basi haiwezekani kuwa pipa."

"Soud..."

"Ngoja nimalize. Asubuhi ile nilitega panya kwa ile dawa. Nikanawa, lakini pengine sikunawa vizuri. Kata naishika hapa, kidole gumba kinaingia kwenye tembo. Unaona? Kidole hiki." Akanionyesha. "Basi ni mie. Sikukusudia, lakini ni mie. Abrahamu alikuwa mtu mwema kwangu, aliwahi kunibebea mtoto mgonjwa mpaka hospitali. Jumanne nikisimama mbele ya Bwana Shauri nitasema ni mkono wangu, nimwachie Mungu."

"Usiseme hivyo! Watakunyonga!"

"Sasa niseme nini? Wewe ndiye ulionja. Ungekuwa wewe hukunywa, hapo ningesema lingine. Lakini ulikunywa." Akanishika bega kwa huruma, yeye aliye rumande ananihurumia mimi. "Nashukuru tu kwamba uliwahi kunywa kabla mkono wangu haujaingia. Ningekuua na wewe."

Askari akasema muda umekwisha. Nilitoka. Kwenye kivuko watu walinisalimu kwa jina nami sikuitika, wakauliza kama nina homa. Nimekaa nje ya nyumba tangu hapo. Beatrisi ameniletea chakula, kimepoa. Nimemwambia anitolee suti yangu moja, niliyoinunua Mombasa.

"Ya ushahidi au ya kufungwa?" akauliza.

"Hiyo hiyo moja," nikasema. Akaipiga pasi.

Jumanne, 9 Septemba

Bomani kulikuwa kumejaa mpaka madirishani. Bwana Mselem alikaa mbele, kanzu nyeupe, akanipa tabasamu dogo. Keshokutwa watu wanapiga kura. Time alikaa na Benedikta, mjane wa Abrahamu, bega kwa bega. Sijui nani alimfuata mwenzake.

Soud alianza kusema ya kidole gumba. Nilisimama kabla sijaitwa. Karani akanifokea, Sajini Miraji akanivuta koti. Bwana Shauri akasema niachwe, akauliza mimi nani.

"Mimi ndiye niliyeonja kwanza."

Akaniapisha. Biblia nimeishika mkononi. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu: ulikunywa tembo lile au hukunywa?

Hapo ilinijia mizaha kumi, nyimbo mbili, na Sokotra. Nilipotazama nikamwona Benedikta, anangoja niseme nilikunywa, kama alivyosikia siku zote.

Nikasema hivi, nayaandika kama nilivyoyasema, maana karani aliyaandika kwa Kiingereza na sijui aliyaandikaje. Nilisema: Bwana, nilipoinamisha kichwa kwenye pipa nilisikia harufu. Si ya tembo. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, nimeshafanya kazi zizini, naijua. Nikafumba mdomo. Tembo lilipita ndevuni, likamwagika kwenye shati. Nikafanya koo liende juu na chini. Nilidhani watu wataumwa tumbo kidogo tu, sikudhani kufa. Bwana Mselem alikuwa ananitazama, nami nilitaka cheti. Soud hana kosa. Mapipa ni ya Bwana Mselem, ameniambia mwenyewe mkekani kwangu.

Kelele ilivyolipuka! Bwana Mselem alisimama akaniita mwongo, mlevi, mtoto wa watu wasiojulikana. Nikamwambia shikamoo. Sijui kwa nini, imenitoka tu.

Benedikta hakupiga kelele. Alikuja mpaka nilipo, askari wakamwachia njia.

"Mzee wangu alikunywa kwa sababu yako," akasema.

"Najua, dada."

"Ulimwona akinywa?"

"Nilimwona. Aliniinulia kikombe."

Akarudi kukaa. Bwana Shauri ameagiza mapipa yatafutwe Mkwaja, Soud arudi rumande siku chache mpaka yapatikane, nami nisitoke wilayani mpaka nitakapoitwa kwa shauri langu mwenyewe. Sajini Miraji alinisindikiza mpaka kivukoni. Time alipanda kivuko hicho hicho, akakaa upande wa pili.

Kambini hakuna aliyenigusa leo. Kofia yangu imerudishwa, imewekwa mlangoni chini.

Mimi si mtu wa bahati. Sikunywa.